Mtoto Mnene Asichekwe, Wala Mama Yake Asilaumiwe

Katika miji yetu sifa ya malezi bado hupimwa kwa mashavu ya mtoto. Mgeni abishaye hodi na kumkuta mtoto aliyenona humpongeza mama. Akimkuta mwembamba, huuliza kwa sauti ya chini kama anaumwa. Sifa hiyo ina asili yake. Wazee wetu waliwaona watoto wakifa kwa utapiamlo na surua, na mwenye nyama mwilini alikuwa na akiba ya kumvusha katika ugonjwa. Kampeni ya “Chakula ni Uhai” ya mwaka 1975, iliyowakusanya wananchi katika vikundi kusikiliza mafunzo ya lishe redioni, iliendeshwa katika nchi ambayo hofu yake kubwa ilikuwa upungufu wa chakula.

Hofu hiyo haijatoweka, lakini imepata mwenzake. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, mwaka 2022 watoto na vijana zaidi ya milioni 390 wenye umri wa miaka 5 hadi 19 walikuwa na uzito uliozidi. Unene wa namna hiyo huweza kuleta shinikizo la damu na kisukari tangu utotoni, na aghalabu humfuata mtu hadi utu uzima.

Hapa pana pengo katika desturi yetu. Mtoto mchanga hupelekwa kliniki, huning'inizwa kwenye mizani, na kadi yake huonyesha mstari wa ukuaji. Akifikisha miaka mitano, kadi hutiwa kabatini. Tangu hapo, mizani yake huwa ni macho ya majirani na midomo ya wenzake, ambao humwita “bonge” au “tipwatipwa”.

Mpwa wangu wa miaka tisa alipelekwa na mama yake kwenye zahanati kwa ajili ya kikohozi. Mhudumu alimtazama, akasema mbele ya watu waliojaa benchi, “Mama, huyu mpunguzie chakula,” kisha akamwita mgonjwa mwingine. Elimu yote ilikuwa hiyo. Usiku ule kijana alikataa kula. Alfajiri mama yake alimkuta jikoni, gizani, akila wali wa jana kwa kujificha. Dada yangu alilia, na mimi nikaona kwamba neno moja lililotupwa ovyo laweza kumfanya mtoto aogope sahani yake mwenyewe.

Baadaye walikwenda kwa muuguzi mwingine, mama mtu mzima, ambaye alitaka bibi ya mtoto naye aitwe. Alimpima kijana uzito na urefu, akalinganisha na umri wake. Kisha akauliza habari za siku nzima: anakunywa nini, fedha ya shuleni hununulia nini, anacheza wapi, analala saa ngapi. Hakumlaumu mtu. Alieleza kwamba mtoto angali anakua, kwa hiyo hakuna haja ya kumshindisha njaa. Uzito ukitulia, urefu utaufikia.

Ilipotajwa soda, bibi alihamaki: “Nimnyime mjukuu wangu soda, ataniona mimi ni nani?”

Muuguzi akamjibu kwa upole, “Usimnyime peke yake, mama. Nyumba nzima inywe maji.”

Jibu hilo ndilo kiini cha makala haya. Chupa ya soda ya mililita 350 aghalabu ina sukari ya vijiko vya chai vinavyokaribia tisa, na mtoto hajinunulii katoni. Sisi ndio tununuao soda, tukaangao chipsi na tuwashao televisheni wakati wa chakula. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Basi mabadiliko yawe ya mezani kwa wote: mchicha na maharage viongezwe, tunda liliwe lenyewe badala ya juisi yenye sukari, ndizi au muhogo wa kuchemsha uingie mkobani badala ya fedha ya maandazi. Mtoto acheze hadi kutoka jasho kwa muda usiopungua dakika 60 kila siku, na alale mapema. Katika mitaa ambayo viwanja vimegeuzwa maegesho ya magari, kucheza ni kazi ya kupanga: wazazi wapokezane zamu ya kuwaangalia watoto.

Mpwa wangu hajawa mwembamba, wala hakuahidiwa hivyo. Anakula mezani pamoja na wenzake, na jikoni hapana tena siri.

Nanyi watumishi wa afya, dakika kumi za kuuliza bila kukemea zinafaa kuliko amri moja ya kupunguza chakula. Nawe msomaji, safari ijayo utakapompeleka mwanao mwenye miaka sita au kumi kwa ajili ya homa, omba apimwe uzito na urefu, uelezwe maana yake. Fanya hivyo faraghani, na usimwite jina lolote ila lile ulilompa siku ya kuzaliwa.