Chano cha Bibi na Almasi za Maskati

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Mpenzi msomaji, ukisikia kwamba katika mtaa wa Mkomani kuna nyumba yenye almasi elfu kumi na tisa, usiende mbio kumwita askari. Almasi hizo ni zangu, na zote kwa jumla hazinunui hata punda mmoja. Ni vipande vya plastiki ngumu, vilivyokatwa pembe pembe upande wa juu ili vimetemete, na bapa upande wa chini ili vikae. Mama mdogo wangu anayekaa Maskati ndiye aliyeniletea alipokuja likizo ya Desemba. Kule, aniambia, wasichana kwa wanawake wazima hukaa na kazi hiyo usiku kucha.

Kazi yenyewe ni hivi. Kuna kitambaa kigumu chenye gundi upande mmoja. Chini ya gundi pamechapwa miraba midogo mno, na kila mraba una alama yake: herufi, tarakimu, nyota, pembetatu. Pembeni mna orodha inayokwambia kuwa alama hii ni rangi ya namba fulani. Wewe waokota almasi ya namba hiyo, waibandika juu ya alama yake, waenda kwa ya pili, na ya tatu, mpaka picha itokee. Yangu ni picha ya tausi. Bibi alipoambiwa ni tausi alicheka, akasema Amu ingefaa zaidi paka.

Wenzangu wa darasa la Hisabati, hebu nisaidieni. Kitambaa changu kina sentimita 30 kwa 40, na kila almasi ina upana wa milimita mbili na nusu. Kwa hiyo upande mmoja zaingia 120, na upande wa pili 160. Zidisha. Ni 19,200! Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba hiki kina shingo ndefu.

Jambo lililonishangaza ni zile namba. Nyeusi, ambayo imejaa nyuma ya tausi wangu, ni namba 310. Nikajiuliza, mbona isiwe moja, au mia? Siku moja nilikuwa natafuta mkasi ndani ya kibweta cha Bibi, nikakuta kitita cha uzi mweusi ambacho alinunuliwa Mombasa zamani, kingali na kikaratasi chake. Juu ya kikaratasi: 310. Kumbe watu wa almasi waliazima hesabu hiyo kwa watu wa sindano. Ni namba za nyuzi za kudarizi za kampuni ya DMC, iliyoanzishwa mwaka wa 1746 katika mji wa Mulhouse, ambao leo uko Ufaransa. Basi tangu siku hiyo sikuiona tena kazi yangu kuwa ngeni sana pale nyumbani.

Nisiende mbio lakini. Kilichonifanya nishike kalamu si tausi, ni vyombo.

Ndani ya kisanduku mna vyombo vitatu: kisinia, kalamu na nta. Kisinia ni cha plastiki, hakizidi kiganja, kimechongwa mifereji myembamba kama bati la paa, na pembe moja ina mdomo wa kurudishia almasi kwenye pakiti yake. Kalamu haina wino. Ncha yake ina tundu, wachoma ndani ya nta, nta yaingia tunduni, kisha ukiigusa almasi kwa juu inashika. Ukiibandika juu ya gundi inaachia, kwa kuwa gundi ina nguvu kuliko nta. Siri yote iko hapo. Na ile mifereji ina maana yake: ukitikisa kisinia polepole, almasi zilizolala kifudifudi hugeuka na kujipanga safu safu, pembe zikiwa juu, tayari kwa kalamu. Bila ya kisinia utakuwa wageuza moja moja kwa ukucha, na utazeeka.

Waama, aliyevitengeneza vyombo hivi hakuwahi kukaa Amu wakati wa kaskazi. Mimi hufanyia kazi kiwandani, yaani ule uwanja wa ndani ya nyumba usio na paa, kwa sababu vyumba vyetu vya mawe ni vya giza. Upepo wa Januari ukiingia pale huzunguka kama mtu aliyepoteza ufunguo. Kile kisinia ni chepesi kama ganda la yai. Siku ya pili tu kilipaa, kikapinduka, na rangi ya samawati ikatawanyika sakafuni, kwenye mitungi, chini ya kitanda cha kamba. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami niliinama mpaka adhuhuri.

Tena kuna vumbi. Nyumba zetu, msomaji wa bara, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na kupakwa chokaa, na chokaa ya zamani haikomi kumwaga unga. Unga ukikaa juu ya gundi, gundi haishiki tena. Dawa yake ni kutoibambua plastiki yote inayofunika gundi. Fungua upana wa vidole vitatu, jaza, kisha fungua tena. Kuhusu paka sina dawa. Paka wa kwetu alipita juu ya gundi na mguu mmoja, akaenda zake mtaani na almasi nne za kijani. Namtakia kheri.

Nta nayo, ikifika saa saba mchana, hulegea kama siagi na kuchafua nyuso za almasi. Nikawa naiweka ubavuni mwa mtungi wa maji, pale penye ubaridi. Ilipokwisha nilimwomba Bibi kipande cha nta ya nyuki anayopitishia uzi wake usikatike. Ilikuwa ngumu mno, hata nilipoikanda na tone la mafuta ya nazi. Hapo ikashika sawasawa, na haikunigharimu senti.

Sasa nimfikishe Bibi, kwani ndiye mwenyewe wa makala haya.

Bibi ni mshonaji wa kofia za mkono. Wasiozijua wafikiri ni kofia nyeupe tu. Hebu ivue ya babako uitazame mbele ya dirisha: utaona vitobo, mamia kwa mamia, kila kimoja kimetobolewa kwa sindano na kuzungushiwa uzi mdomoni, vimepangwa mpaka vikawa maua. Kofia moja humchukua Bibi miezi mitatu, na ikiwa na maua mengi hupita hapo. Sare niliyovaa na chakula ninachokula shuleni mchana vimetoka kwenye vitobo hivyo. Lakini mwaka jana macho yake yaliingia mtoto wa jicho. Hospitali wamemwambia atapasuliwa, naye yungali katika orodha. Kofia aliyokuwa ameagizwa ilibaki nusu, imekunjwa ndani ya kidaka. Mama akawa anauliza bei ya unga kabla ya kuuliza unga wenyewe, nami nikasikia usiku wakisemezana kama nitamaliza muhula au sitamaliza.

Bibi alisikia almasi zikimwagika siku ile ya upepo. Akaniita.

“Ndoo, mwanangu. Ni zitu gani hizo?”

Nikamtilia chache kiganjani. Akazisugua kwa kidole gumba, akajua mara moja upande upi ni bapa na upi una pembe. Kisha akasema, “Tukua chano changu, zitie ndani, zisipotee.”

Chano, kwa wasiokijua, ni sinia la mbao, zito, lenye ukingo. Cha Bibi kimekuwa cheusi kwa kushikwa. Zamani, anasema, alikitumia kuwatungia maharusi asumini, na baadaye kikawa cha kofia: uzi pembe hii, mkasi pembe ile, sindano zimechomwa kwenye kipande cha sufi. Nikaweka ndani yake kile kisinia cha plastiki, na pembeni nikapanga vikombe vidogo vya kahawa, rangi moja kila kikombe, na namba yake nimeiandika kwenye karatasi chini. Upepo ulikuja, chano hakikutikisika. Almasi iliyoanguka ilianguka chanoni. Na rangi ambazo zamu yake haijafika nilizipanga kwenye vidaka vya ukutani, samawati zote kidaka kimoja, kijani kidaka cha pili. Mababu waliovijenga vile vidaka hawakujua kwamba wananijengea kabati la almasi!

Kisha akaniomba kisinia. Akakishika kwa mikono miwili, akakipeta kama apetavyo mchele kwenye uteo, mara tatu tu, akakirudisha. Safu zote zilikuwa zimelala, pembe juu. Mimi hutikisa hata dakika nzima. Nikamuuliza ameonaje. Akanambia hakuona, amesikia: zikiwa hazijakaa hulia chaka chaka, zikishakaa mlio huwa mzito. Jaribu, msomaji. Ni kweli.

Chombo cha mwisho hakikuwamo kisandukuni, Mama mdogo alikileta mbali: ubao mwembamba wa taa, mpana kama karatasi ya mtihani. Waunganisha kwa waya wa simu, nao wamulika uso mzima. Ukiulaza chini ya kitambaa, alama zote zaonekana hata katika chumba cha giza. Stima ikipotea, huutia kwenye betri ya kuchajia simu. Pamoja nao kulikuwa na kioo cha kukuzia chenye mguu.

Usiku mmoja nilikuwa nabandika, Bibi yuko kando yangu na tasbihi yake. Nikawaza: kama taa ya chini yaonyesha alama, je, haitaonyesha vitobo? Sikumwambia kitu. Nikaitoa kofia kidakani, nikailaza juu ya ubao, nikamsogezea.

Mara ya kwanza haikufaa. Alifumba macho, akageuza uso, akasema yaani nimemletea jua lote chumbani. Mwenye mtoto wa jicho mwanga mkali humtawanyikia machoni akaona weupe mtupu. Basi nikapunguza taa mpaka daraja ya chini kabisa, nikachukua kadibodi ya sanduku la chai, nikaipaka wino mweusi, nikaikata dirisha dogo la ukubwa wa kisanduku cha kibiriti. Kadibodi juu ya ubao, kofia juu ya kadibodi, mwanga ukawa unatoka pale pa kazi tu. Nikamwekea na kioo.

Alinyamaza. Kisha akasema, “Naona zitobo. Kama nyota.”

Nataka niwe mkweli, sikusema kwamba Bibi ameona. Macho ni yale yale, “hayaoni kama yana na yuzi,” kama asemavyo mwenyewe. Hashoni juu ya ubao. Kushona anashona mkononi, kwa vidole, kama siku zote, na vidole havijapata mtoto wa jicho. Asichokiweza ni kujua kitobo kijacho kikae wapi ili ua lisiende upande. Hapo ndipo taa inaposaidia: anaitazama kofia dirishani, anashika mahali kwa ukucha, mimi natia nukta ya penseli, anaichukua kofia na kutoboa. Nukta, kitobo, uzi. Ni nusu saa baada ya sala ya isha, haizidi, kwani macho yakichoka humpa maumivu ya kichwa.

Yuko mwenzetu mmoja wa klabu aliyenambia kwamba picha za almasi si sanaa, ni kufuata namba tu, mtoto wa chekechea ataweza. Sikubishana naye siku ile, nabishana naye hapa. Bibi naye hufuata ua lililochorwa kwa penseli na lililochorwa kabla yake na mamake. Tofauti ninayoiona ni nyingine, nayo ni kubwa: tausi wangu amechorwa na mtu nisiyemjua, kiwandani, kwa maelfu, na akichakaa yuko mwingine. Ua la kofia ya Bibi halipo karatasini. Ndiyo maana sasa kila jioni nikishatia nukta zake, nalinakili ua hilo kwenye daftari la Hisabati lenye miraba, mraba mmoja kitobo kimoja, na alama zake pembeni, kama kitambaa cha almasi. Mpaka leo nimepata maua mawili kamili na ukingo wa tatu. Bibi huona ajabu kwamba kitu kama hicho kinahitaji daftari.

Tausi amebaki bila mkia. Rangi ya samawati ilipungua, na si paka peke yake wa kulaumiwa. Nimemwagizia Mama mdogo, nimempa namba.

Kofia nayo ukanda wa pembeni umekwisha, imebaki duara ya juu. Mwenyewe ataifuata Mfungo Sita, aende nayo Maulidi pale Riyadha. Jana Bibi alipima kwa shubiri akasema zimebaki jioni arubaini, zikiwa na stima. Mimi nimeshachaji betri.