Njuga, Mtandio na Talaka

Kwa miaka mingi mwanamke wa Kiislamu katika sinema za Kihindi alipewa mojawapo ya nafasi mbili: ama bibiye aliyejisitiri nyuma ya mtandio, ama mcheza ngoma avaaye njuga. Muuguzi au mke wa fundi cherehani hakuonekana sana.

Mtandio ulikuwa mtaji wa mtunzi. Katika "Chaudhvin Ka Chand" ya mwaka 1960, bwana mmoja wa Lucknow anamwona msichana mara moja tu, anashikwa na mapenzi, kisha bila kujua anamwozesha rafiki yake msichana huyo huyo. Njuga nazo zilifika kilele katika "Pakeezah" ya mwaka 1972, ambamo Sahibjaan anacheza juu ya vigae vya kioo katika sherehe ya harusi ya mpenzi wake, hadi nyayo zikatoka damu. Meena Kumari, aliyeigiza nafasi hiyo, alifariki wiki chache baada ya sinema kutoka. Uzuri wake haukanushiki. Lakini ni uzuri wa kutazamwa, nao haumuulizi mhusika anataka nini.

Swali hilo, ndugu msomaji, nililikuta katika "Nikaah" ya B. R. Chopra, ya mwaka 1982. Nilofer, msichana aliyesoma, anapewa talaka tatu na mumewe kwa hasira ya usiku mmoja. Anaolewa tena. Mume wa pili, akidhani mkewe bado anampenda yule wa kwanza, anaona ni ungwana kumrudisha. Hapo Nilofer anawageukia wote wawili na kuwauliza kwa nini wanapokezana mtu kama mzigo.

Nyumbani kwetu tuliitazama wanawake wa rika zote. Neno lile lilipotamkwa mara ya tatu, hakuna aliyeguna. Shangazi yangu alipewa yake kwa barua.

Ilichukua miaka 35 hadi Mahakama ya Juu ya India, Agosti 2017, kuibatilisha talaka ya namna hiyo. Na mwaka 2019 sheria ikaifanya kosa la jinai.

Mwaka huo huo wa 2019 ilitoka "Gully Boy". Safeena anavaa hijabu, anasomea udaktari, na kwa wivu anampasulia mwenzake chupa kichwani. Hana adabu hata kidogo. Shangazi alimpenda papo hapo.