Neno Nililolipunguza Makali

Kwa miaka thelathini na mitatu nilifundisha Kiswahili katika shule za sekondari, na muda huo wote nilijivunia jambo moja: sikumwachia mwanafunzi aweke neno dhaifu mahali palipodai neno kali. Mwaka juzi nilitenda kosa hilohilo, nikamtendea dada yangu mkubwa.

Dada alikuwa na uvimbe shingoni. Kwetu Njombe uvimbe wa shingo haukuwa habari. Tulikua tukiwaona bibi zetu wakiwa na rovu, kabla chumvi yenye madini joto haijaenea madukani. Kwa hiyo akakaa nao miaka. Hata alipokubali kwenda hospitali, na sindano ikachukua seli za tezi yake, ile iitwayo dundumio, majibu hayakuamua lolote. Daktari alinieleza sababu. Katika aina ile ya uvimbe, seli za saratani na seli zisizo na madhara huweza kufanana kabisa zikitazamwa peke yake. Hutofautishwa kwa mwenendo. Uvimbe mwema hutulia ndani ya gamba lake. Saratani hulitoboa gamba hilo, au huingia katika mishipa ya damu. Nilifurahi kama mtoto, Mungu anisamehe, kuona kwamba hapa nomino haitoshi, ugonjwa hutambulikana kwa kitenzi chake. Basi ilibidi nusu ya tezi ikatwe, ukingo wake ukaguliwe kwa hadubini.

Ripoti ilikuja kwa Kiingereza. Ilisema kwamba gamba limetobolewa na mishipa ya damu imevamiwa mahali kadhaa. Dada akaniuliza, "Mwalimu, wanasemaje?" Nikamtazama, nikasema, "Imechungulia nje kidogo."

Kuchungulia! Mtoto huchungulia mlangoni, akaona wageni, akarudi ndani. Dada naye alilielewa neno kama nilivyolisema. "Kama imechungulia tu, basi inatosha," akasema, akarudi kwenye viazi vyake. Tarehe ya upasuaji wa pili ikapita. Ikapita miezi minne.

Katika miezi hiyo nilimwomba mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa anafundisha biolojia, anieleze kitenzi kile nilichokikwepa. Alianza na jeni iitwayo RAS, ambayo mara nyingi ndiyo huharibika katika saratani ya namna hii. Protini yake ni kama komeo: hufunguka ishara ya kukua inapokuja, kisha hujifunga. Herufi moja ya jeni ikibadilika, komeo hukwama wazi, na amri ya kugawanyika huendelea kutolewa hata pasipo aliyeamuru. Hilo peke yake hukuza uvimbe tu. Ili kuvamia, seli huhitaji mambo mengine. Huipunguza protini iitwayo E-kadherini, inayoishikanisha na jirani zake. Hubadili umbo, ikarefuka, ikapata uwezo wa kutambaa. Hutoa vimeng'enya vinavyoyeyusha kolajeni, nyuzi ambazo gamba limefumwa kwazo. Tena huita mishipa mipya ya damu ije karibu, na mshipa ukishafika, njia ya kwenda kwenye mapafu na mifupa iko wazi.

Nilisikiliza nikiwa nimeinamisha kichwa. Waarabu waliotupa neno saratani walimtaja kaa, mnyama wa kubana na kung'ang'ania. Mimi nilikuwa nimemfanya paka wa dirishani.

Lakini alinieleza pia jambo lililonipa nguvu ya kusafiri. Seli za dundumio ndizo zinazonyonya madini joto kwa wingi mwilini, na nyingi hazisahau kazi hiyo hata zikishahamia mbali. Mgonjwa akiondolewa tezi yote, akanywa madini joto yenye mnururisho, seli zilizotoroka huyanyonya popote zilipo, na yale yaliyonyonywa huziua. Nusu ya mnururisho wake hupotea kila baada ya siku 8. Nusu ya tezi ikiachwa shingoni, hiyo ndiyo huyamaliza yote. Hiyo ndiyo ilikuwa maana ya upasuaji ambao dada aliukataa kwa sababu ya neno langu.

Nilimkuta akichambua maharage. Nikamwambia, "Dada, siku ile sikukueleza sawasawa. Haikuchungulia. Imevunja ukuta, na imeingia katika damu."

Alinyamaza muda mrefu, mikono ikiendelea na kazi. Kisha akauliza, "Ulinihurumia mimi, au ulijihurumia wewe?"

Sikuwa na jibu, wala yeye hakulingoja. Wiki ile tulipanda basi pamoja.

Baada ya upasuaji sauti yake ilikwaruza kwa majuma kadhaa, kwani mshipa wa fahamu unaoendesha sauti hupita nyuma kabisa ya tezi ile. Imerudi, ingawa anasema haifiki tena juu kanisani. Alikunywa dawa ile, akatengwa chumbani siku kadhaa, akilalamika zaidi kuhusu chakula. Kila asubuhi humeza kidonge cha homoni kabla ya kula, na kila baada ya muda hupimwa damu.

Majibu yakija hunipa mimi niyasome. Huvaa miwani yake ingawa Kiingereza hakijui, huweka kidole chini ya mstari, na kidole hakisogei mpaka nimetafsiri neno lililo juu yake.