Bao na Mwanawe

Kila mchezo mkuu una siku yake ya kuzaa. Hukaa duniani miaka mingi ukiwa mgumu, wenye sheria nyingi na heshima kubwa, kisha huzaa mwana aliye mwepesi kuliko mzazi wake. Na mara mwana huyo aanzapo kutembea, watu hugawanyika juu yake. Wako wamwitao neema, kwa sababu huwakaribisha wasiokaribishwa. Wako wamwitao msiba, kwa sababu hurithi jina la mzazi bila ya kurithi akili yake. Ubishi huu si wa taifa moja wala wa zama moja. Umesikika kwa wachezao michezo ya simu katika miji mikubwa ya dunia, na umesikika Mpanda, penye kivuli cha mwembe.

Mfano wa simu ujulikanao kwa vijana wengi ni huu. Mwaka 2012 kampuni ya Supercell ya Helsinki, nchini Ufini, ilitoa mchezo uitwao Clash of Clans. Humo mchezaji hujenga kijiji, hukizungushia kuta, hulea askari, na jengo kubwa laweza kumngojesha siku kadhaa kabla halijakamilika. Mwaka 2016 kampuni hiyohiyo iliwachukua askari walewale ikawatia katika mchezo mwingine, Clash Royale, usio na kijiji cha kujenga: minara mitatu kila upande, karata nane kwa kila mpiganaji, na pambano ambalo muda wake wa kawaida ni dakika tatu. Waliochoshwa na kungoja walishangilia. Wengine walinung'unika kwamba mwenye fedha aweza kuharakisha nguvu za karata zake kwa kununua, hata mshindwa asijue kama ameshindwa na akili ya mwenziwe au na mfuko wake. Pande zote mbili zilikuwa na sehemu ya haki, na ndiyo sababu ubishi haukwisha.

Bao nalo lina mwana wa namna hii, ila yeye hakuzaliwa na kampuni, wala hana cheti cha kuzaliwa. Mzazi ni bao la kiswahili. Mwana ni bao la kujifunza. Mzazi ana mashimo 32 katika safu nne, na kete 64, nusu kwa kila mchezaji. Kati ya kete zake 32, mchezaji huweka 10 tu ubaoni: sita katika shimo liitwalo nyumba, na mbili mbili katika mashimo mawili ya jirani yake. Zilizobaki, yaani 22, hukaa mkononi. Mchezo huanza kwa kunamua: kila zamu mchezaji hutoa kete moja mkononi akaitia katika shimo la safu yake ya mbele, naye hula ikiwa shimo la adui lililo mkabala lina kete. Kete alizokula huzitawanya kuanzia kichwani mwa safu yake. Ya mwisho ikiangukia penye kete na mkabala pana kete, hula tena. Mkabala pakiwa patupu, huokota kete za shimo hilo na kuendelea. Ikiangukia shimo tupu, mwendo hulala. Asiye na la kula hutakata. Ni baada ya kete za mkononi kwisha ndipo wachezaji huingia katika sehemu ya pili, iitwayo mtaji.

Bao la kujifunza huondoa sehemu ile ya kwanza yote. Mashimo yote 32 hutiwa kete mbili mbili kabla mtu hajacheza. Mkononi hamna kitu, na mchezo huanza moja kwa moja katika mtaji. Mtoto aweza kufundishwa asubuhi akacheza mchana. Kula kupo, mwendo upo, furaha ya kuona safu ya adui ikikauka ipo. Lisilokuwapo ni jambo moja tu, nalo litatajwa kila wakubaliapo na wapingapo: mchezaji haulizwi aanzie wapi.

Pengine hakuna mahali pafaapo kuutazama ubishi huu kuliko Mkoa wa Katavi. Mkoa huu ulizaliwa 2012 kwa kumegwa kutoka Rukwa. Sensa ya mwaka huo iliwahesabu watu 564,604. Sensa ya 2022 ikawahesabu 1,152,958. Katika miaka kumi watu wamekuwa zaidi ya maradufu, na wengi wa walioongezeka ni wageni au watoto wa wageni. Mpanda yenyewe ni mji uliokuzwa na wajao. Karibu na 1950 reli ya tawi kutoka Kaliua ilifikishwa huko kwa ajili ya madini ya risasi, na pamoja na reli wakaja wafanyakazi wa kila kabila. Tangu 1972 wakimbizi wa Burundi walipokewa Katumba, na tangu 1978 Mishamo. Na mnamo 2014 Serikali ilianza kuwapa vyeti vya uraia watu zaidi ya 160,000 wa makazi hayo na ya Ulyankulu. Wasukuma nao wamekuja na ng'ombe wao, wakaishi na Wabende, Wapimbwe na Wakonongo waliowatangulia.

Wajao hawa hawakuja na mikono mitupu. Rwanda na Burundi zina igisoro, mchezo wa safu nne ulio ndugu wa bao. Wasukuma wana isolo; na jambo la kuangaliwa sana ni kwamba isolo ina namna tatu: moja ya wanawake, moja ya wavulana wadogo, na moja ya wanaume waliokomaa. Basi adhaniaye kwamba kuurahisisha mchezo ni ugonjwa wa zama za simu, ajue kuwa Wasukuma walikuwa na ngazi za mchezo wao kabla simu haijafika kwao. Swali lao halikuwa kama mchezo mwepesi uwepo au usiwepo. Swali lilikuwa: ni wa nani, na unampeleka wapi?

Swali hilo liliwahi kuingia katika nyumba moja ya mtaa wa Makanyagio, mjini Mpanda. Mzee wa nyumba hiyo, mstaafu wa reli mwenye asili ya Tabora, alikuwa fundi aliyeheshimiwa barazani. Mjukuu wake, binti wa kidato cha tatu, alikuwa amejifunza bao la kujifunza shuleni kwa wenzake, kisha akaendelea nalo katika simu ya mama yake. Mzee alipouona mchezo ule kiooni, kete zikijitawanya zenyewe kwa kuguswa shimo moja, alicheka kicheko kisicho na furaha.

"Mjukuu wangu," alisema, "hiyo mashine inacheza, wewe unatazama. Kete hujazishika, hujazihesabu kwa vidole, hujui uzito wa nne wala wa saba. Na hilo bao lenyewe limepangwa kabla hujafika. Umekaribishwa kwenye karamu, hukupika."

"Shikamoo babu," alijibu binti, kwa maana alijua kuwa ubishi na mkubwa huanzwa kwa heshima. "Maneno yako ni ya kweli. Lakini pale mwembeni waketi wanaume watupu. Nikisimama nyuma yenu nitaulizwa kama maji nimeshateka. Simu hainiulizi hivyo, wala hainicheki nikikosea. Mlango wangu ni huu, babu, nyinyi mwingine hamkunifungulia."

Mzee hakuwa na jawabu la upesi, na mtu wa haki hawezi kumlaumu kwa kukaa kimya. Hoja yake ilikuwa nzito. Ufundi wa bao hukaa katika kuhesabu mwendo mrefu kwa macho, kabla mkono haujagusa kete. Ni kazi kubwa ya akili, hata mtaalamu Alexander de Voogt aliwafanya mafundi wa bao wa Zanzibar kuwa somo la tasnifu yake, iliyotolewa Leiden mwaka 1995. Mashine imhesabiapo mchezaji, humwondolea ile taabu ambayo ndiyo ilimu yenyewe. Lakini hoja ya binti ilikuwa nzito vilevile. Ilimu iliyofungiwa barazani ni mali ya waketio barazani tu. Na baraza likifa na wazee wake, ugumu wake utasifiwa na watu wasioujua.

Siku ya Jumapili mzee alilileta bao lake nyumbani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akalitua ukumbini. Alipanga kete kumi, akampa binti zake 22 mkononi. Binti alikuwa mwepesi wa kuhesabu kuliko mzee alivyotazamia. Alipopata la kula alikula bila ya kosa, na mwendo wake ulikuwa safi. Taabu ilikuja mwendo mmoja ulipoishia katika nyumba yake. Hapo sheria humpa mchezaji hiari: alale, aiache nyumba na kete zake zilizokusanyika, au asafiri nazo zote. Binti alisafiri. Katika bao alilolizoea hapakuwa na nyumba ya kulindwa. Kila shimo lilikuwa sawa na jingine, na kete nyingi zilikuwa na maana moja tu, nayo ni kwenda mbali. Alikwenda mbali. Zamu nne baadaye safu yake ya mbele ilikuwa tupu, naye angali na kete kumi na mbili kiganjani. Kushindwa kwa namna hiyo, mali ikiwa mkononi bado, wachezaji hukuona kuwa ni kushindwa kuchungu kupita kote.

"Umeona?" aliuliza mzee. "Nimeona," alisema binti. "Sasa nifundishe pale nilipoanza vibaya." Kisha akauliza lililokuwa halijaulizwa na mtu: "Babu, na wewe ulijifunza wapi?"

Mzee alijibu kwa ukweli. Alipokuwa mtoto hakuruhusiwa kugusa bao la wazee. Yeye na wenziwe walichimba mashimo mchangani, safu mbili badala ya nne, wakacheza kwa vijiwe, kwa sheria walizozibadili kila walipogombana. Miaka ilipita kabla mjomba wake hajamwita akae. Basi fundi naye alikuwa mwana wa mchezo mwepesi! Tofauti yake na binti haikuwa kwamba mmoja alianza kwa shida na mwingine kwa raha. Tofauti ilikuwa kwamba nyuma ya mashimo yale ya mchangani alikuwako mjomba, ilhali nyuma ya kioo cha simu hapakuwa na mtu.

Hapa ndipo neno la haki juu ya mchezo mwepesi lipatikanapo, na lugha yenyewe hulisaidia. Neno mtaji lina maana mbili kwa Waswahili: ni kula katika bao, na ni mali ya kuanzia biashara. Bao la kujifunza humpa mtu mtaji tayari umetawanywa na mkono mwingine. Humfundisha kutumia, kula, kwenda na kurudi. Na hayo si machache. Lakini halimfundishi kunamua, yaani kuketi na kidogo kilicho mkononi, kukitia kimoja kimoja mahali panapofaa, na kuijua nyumba isiyostahili kusafirishwa kwa tamaa ya siku moja. Walioshuka Mpanda kwa treni, waliopokewa Katumba bila ya ng'ombe wala shamba, na waliokuja na mifugo kutafuta malisho, wote walinamua. Hakuna aliyewapangia kete mbili mbili katika kila shimo. Mkoa uliojengwa kwa kunamua ungepata hasara kubwa kama watoto wake wangejua mtaji peke yake.

Hata hivyo hasara hiyo haizuiwi kwa kuwacheka wachezao bao jepesi, wala kwa kuwanyang'anya simu. Mkoa ulioongeza zaidi ya watu 588,000 katika miaka kumi hauwezi kuwa na wajomba wa kutosha kwa kila mtoto. Mchezo mwepesi unafanya kazi ambayo hakuna baraza liwezalo kuifanya: unawafikia wengi, wa kike na wa kiume, usiku na mchana. Kosa lake si wepesi. Kosa huja pale unapojiita bao lote, ukamficha mchezaji kwamba iko sehemu ya kwanza aliyorukishwa. Au pale mwenye kuuuza aonapo faida zaidi katika kumweka mchezaji mlangoni kuliko katika kumpitisha. Jina la bao la kujifunza, kwa bahati njema, lina uaminifu ndani yake. Husema wazi kuwa mtu bado yumo njiani. Michezo mingi mipya ya simu haina unyenyekevu wa jina kama hilo.

Basi wapingao na watetezi wangeweza kupatana kwa sharti moja. Mwenye kutetea mchezo mwepesi aseme ni kipi kilichoondolewa, wala asikifiche. Mwenye kuutetea mchezo mgumu aje na ubao wake ukumbini, mahali binti apitapo, wala asingoje kufuatwa mwembeni. Sharti hili ni zito zaidi kwa mkubwa kuliko kwa mdogo, na ndivyo ipasavyo. Maana kete 22 zi mkononi mwake, na zamu ni yake.