Vidonge Vilivyokuja na Sanduku

Jumamosi iliyopita, wakati wa chai, mama mmoja alinivuta pembeni. "Mwalimu, huna rangi mbili hata vinne tu? Mtoto anakohoa wiki nzima na daktari kakataa kumpa dawa." Nikamwambia sina, na kwamba daktari hakumnyima. Kikohozi na mafua ya watoto mara nyingi huletwa na virusi, na antibayotiki huua bakteria tu. Aliniangalia kama mtu aliyeomba chumvi kwa jirani akakosa.

Simlaumu. Mwaka juzi mama yangu alikuja kututembelea hapa Uingereza kutoka Tanga. Sandukuni, kati ya khanga na viungo vya pilau, alikuwa na pakiti tatu za amoksilini alizonunua dukani bila cheti. Niliziona. Mimi ni nesi wa miaka mingi, kazini ningesema palepale. Lakini mama yako unamwambiaje? Nikanyamaza.

Wiki ya pili akaanza kupata maumivu akikojoa. Aliona haya kuniambia. Akameza vidonge vyake kimyakimya siku tatu, akapata nafuu, akaacha. Vilivyobaki akaviweka akiba. Siku chache baadaye nikamkuta usiku anatetemeka, mwili unawaka, maneno hayaeleweki. Maambukizi yalikuwa yamepanda kwenye figo. Mkojo ulipooteshwa maabara, ikaonekana bakteria wale amoksilini haiwafanyi kitu. Siku hizi wengi wanaoshambulia njia ya mkojo wako hivyo, ndiyo maana dawa haichaguliwi kwa kukisia. Alilazwa siku 5, akipewa dawa nyingine kwa mshipa.

"Kumbe uliviona?" aliniuliza kitandani. "Niliviona, mama." Hakusema zaidi. Ningependa angenigombeza.

Kwa hiyo sasa nasema, hata kwa wanaonizidi umri. Dozi ni ya mgonjwa mmoja na ugonjwa mmoja. Imeze kwa saa na siku alizoandika daktari, na ukipata nafuu mapema usiache bila kumuuliza. Kama penisilini iliwahi kukutoa vipele au kukuvimbisha, mtaje kabla hajaandika.

Pakiti zilizobaki mama alinikabidhi mwenyewe. Nikazipeleka duka la dawa la mtaani kwetu, wakazipokea bila maswali. Desemba anakuja tena. Juzi nimemuuliza kwa simu ameweka nini sandukuni. Akacheka, akasema viungo vya pilau.