Mashine Niliyoihimiza

Mtu wa vitabu akipata mashine huiheshimu kwa miaka miwili, na mwaka wa tatu huanza kuilaumu. Ndivyo ilivyokuwa baina yangu na kompyuta iliyo juu ya meza yangu nyumbani, Dar es Salaam. Niliinunua mwaka 2019, ikiwa imekwisha kutumiwa na mwingine, kwa ajili ya kazi moja niliyotaka kuifanya usiku mbali na shughuli za darasani. Mwaka 2011, nilipokuwa nikikusanya habari za shahada yangu ya udaktari, nilirekodi Pangani mazungumzo 212 ya wazee. Wengi wao sasa hawako. Sauti zilikuwa na kelele za upepo, kuku na pikipiki, na kabla ya kuandikwa maneno yake zilihitaji kusafishwa. Wazee waliniamini mimi kwa sauti zao. Mimi niliziamini kwa mashine.

Prosesa ya kompyuta hiyo ni Core i5-2500K, iliyotoka mwaka 2011. Prosesa hufanya kazi kwa mapigo, kama wapiga kasia wanaofuata mdundo mmoja. Katika aina hii pigo la msingi ni milioni 100 kwa sekunde, na kiwandani hupewa kizidisho cha 33, yaani mapigo bilioni 3.3 kwa sekunde. Herufi K katika jina lake ni ruhusa: maana yake kizidisho hakikufungwa, na mwenye mali aweza kukipandisha atakavyo. Sikuijua ruhusa hiyo mpaka Krismasi ya mwaka 2021, mpwa wangu alipokuja kutoka Dodoma, anakosoma, akaniona nikisubiri dakika arobaini ili saa moja ya sauti isafishwe.

“Mjomba,” akasema, “unaitembeza kwa miguu mashine yenye mbawa.”

Akanionyesha namna ya kuingia katika ukurasa wa mipangilio kabla kompyuta haijaamka barabara, akapandisha kizidisho kutoka 33 mpaka 40, akaipima usiku kucha, kisha akarudi chuoni. Kwa majuma matatu nilifanya kazi kwa furaha. Furaha ikazaa tamaa. Ikiwa 40 ni salama, nilijiambia, 44 ina dhambi gani? Usiku mmoja wa mwezi wa Februari nilipandisha kizidisho mpaka 44. Nikaongeza umeme wa prosesa kutoka volti 1.20 mpaka 1.38; na nilipokuwa humo humo nikapandisha na kasi ya vibao vya memori kutoka 1333 mpaka 1866, ingawa karatasi iliyobandikwa juu ya vibao hivyo ilisema 1600. Yote hayo niliyafanya kwa kikao kimoja, wala sikuandika popote. Methali ya haraka na baraka naijua tangu utoto, na nimeisahihisha katika karatasi nyingi za mitihani. Haikunizuia. Tena mimi ndiye mwalimu anayempunguzia maksi mwanafunzi anayebadilisha msailiwa na swali kwa pamoja, kisha akadai kwamba ameona sababu ya tofauti.

Siku ya nne kompyuta ilianguka. Skrini iligeuka buluu, ikaandika alama 0x124, ikazima na kuwaka tena yenyewe. Kesho yake ilianguka na alama 0x101. Baada ya siku mbili ikaja 0x1A, na baada ya hiyo 0x50. Kwa kuwa aghalabu ilianguka saa nane mchana, wakati ambapo Dar es Salaam ya Februari huwa tanuri, nilihukumu kwamba kosa ni joto. Nikaifungua, nikapangusa vumbi la miaka mitatu, nikapaka dawa mpya ya kupitisha joto kati ya prosesa na feni yake, nikaihamishia karibu na dirisha. Siku hiyo hiyo nikanunua kifaa cha kutuliza umeme, kwa kuwa umeme wa mtaani kwetu hupanda na kushuka. Ilikaa siku tano bila kuanguka. Nikajisifu. Siku ya sita ilianguka mara tatu, moja katika hizo saa nane ya usiku, kukiwa na baridi.

Hapo nilifanya jambo ambalo laniuma mpaka leo kulieleza. Nilimpigia simu mpwa wangu, nikamwambia kwamba ameniharibia chombo changu kwa michezo ya watoto. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, “Samahani, Mjomba. Ila mimi niliiacha arobaini.” Sikumwambia kwamba haipo tena arobaini. Nilikata simu nikiwa na hasira, na hasira yangu ilikuwa kubwa kwa sababu nilijua.

Alikuja Pasaka. Aliamkia, akala, kisha akaniomba daftari. Ukurasa wa kwanza akaandika tarehe, na chini yake mambo yote aliyoyakuta katika mipangilio. Aliisoma 44, akaisoma 1866, wala hakuinua uso. Kisha akauliza, kwa adabu ambayo ilikuwa nzito kuliko lawama, “Mjomba, ulibadilisha mambo mangapi kwa mara moja?”

Mwendo wake ulikuwa wa polepole mno kwa tabia yangu. Kwanza alirudisha kila kitu katika hali ya kiwandani, akaniambia nifanye kazi kama kawaida kwa siku tatu. Haikuanguka. Kwa hiyo vumbi, dirisha na umeme wa mtaani viliachiwa huru vyote. Ndipo akapandisha kitu kimoja tu, memori, mpaka 1866, prosesa ikibaki 33, akawasha programu iitwayo Memtest86+, ambayo hufanya kazi peke yake kabla mfumo wa kompyuta haujaamka. Kazi yake ni kuandika alama katika kila chumba cha memori na kurudi kusoma kama zilizoandikwa ndizo zilizomo. Katika saa ya pili mistari myekundu ilianza kushuka: chumba kilipewa sifuri kikarudisha moja. Kwa 1600 ilifanya kazi usiku kucha bila mstari hata mmoja.

Usiku wa pili ilikuwa zamu ya prosesa, memori ikiwa imeshushwa. Alitumia Prime95, programu iliyotungwa kwa kutafuta namba tasa kubwa sana. Katika majaribio yake huwa na majibu sahihi tangu mwanzo, kwa hiyo hutambua mara prosesa inapokosea hesabu. Kwa 44 ilitangaza kosa baada ya dakika kumi na moja, joto likiwa nyuzi 91. Nikamwomba msamaha wa joto, kwamba angalau hapo nilikuwa na haki. Akanionyesha hesabu: joto la prosesa hufuata kasi, na hufuata umeme ukizidishwa kwa nafsi yake. Kasi niliiongeza kwa theluthi. Volti, kutoka 1.20 mpaka 1.38, kwa asilimia 15. Matokeo ni joto lililozidi kwa robo tatu na kitu. Joto lilikuwapo, lakini ni mimi niliyelileta. Kwa 42 ilidumu saa sita kisha ikakosea. Kwa 40 ilifika asubuhi.

Basi nilimwambia. Nilimwambia habari ya usiku ule wa Februari, na kwamba nilipompigia simu nilikuwa nikijua. Akasema, “Yamekwisha, Mjomba,” akaendelea kuandika katika daftari.

Nilimuuliza sababu ya mashine kuanguka inapohimizwa, naye alinieleza kwa lugha yake. Nami naieleza kwa lugha ya kazi yangu. Mwalimu anasoma imla. Kila pigo ni neno, na kabla ya neno la pili sharti wanafunzi wote wawe wamemaliza la kwanza. Akiharakisha kidogo, wepesi humfuata, na mzito kuliko wote huachwa. Katika prosesa zimo njia nyingi za umeme, na moja katika hizo ndiyo nzito kuliko zote. Ukiipita hiyo, jibu huchukuliwa kabla halijatimia. Kuongeza volti ni kumchapua mwanafunzi mzito. Huandika upesi, lakini darasa huwaka moto, na moto huutia mkono uzito tena.

Mara nyingine jibu lisilotimia huangukia mahali ambapo mfumo hauwezi kuendelea, ndipo skrini ya buluu hutokea. Mimi niliichukia skrini hiyo kama adui. Mpwa wangu aliitazama kama mtu mkweli. Mwaka 1994 Thomas Nicely, mwalimu wa hesabu katika chuo kimoja huko Virginia, Marekani, aliona kwamba kompyuta yake yenye prosesa ya Pentium inagawanya baadhi ya namba kwa makosa. Haikuzima, haikulalamika, ilitoa jibu la uongo na kuendelea. Alitumia miezi kadhaa kuondoa sababu nyingine moja baada ya moja kabla ya kuilaumu prosesa, na alikuwa na haki. Kosa lile lilitoka kiwandani. Langu lilitoka mkononi mwangu, lakini ukimya wake ulikuwa wa namna moja.

“Mjomba,” mpwa wangu akauliza jioni ya mwisho, “katika miezi hii miwili ulinakili nini?”

Nilikuwa nimenakili kila kitu. Mwezi wa Machi nilinunua diski mpya, nikahamishia rekodi zote 212, nikafuta ya zamani na kumpa mwenzangu. Kila faili linalonakiliwa hupita katika memori, na memori ile ilikuwa ikirudisha moja palipoandikwa sifuri.

Bahati ilikuwa moja. Rekodi zilihifadhiwa kwa mtindo wa FLAC, ambao ndani ya kila faili huweka alama ya hesabu ya sauti nzima, hivyo yaweza kujulikana kama imebadilika. Tulizipima usiku ule. 203 zilikuwa safi, tisa ziliharibika. Sita katika tisa nilizipata katika sahani nilizomwachia msimamizi wangu wa zamani. Tatu hazipo popote.

Uharibifu ni mdogo, mtu asiyejua angecheka. Mtindo huo hukata sauti vipande vipande, kila kimoja kama sehemu ya kumi ya sekunde, na kipande kilichoharibika programu hukinyamazisha. Katika rekodi mbili ukimya uliangukia kati ya maneno. Ya tatu ni ya bibi mmoja aliyefariki mwaka 2017. Anasimulia asubuhi mumewe alipopanda jahazi asirudi tena, na maneno ya mwisho aliyomwambia pwani. Ukimya umeangukia mwanzo wa neno. Yanayosikika ni “…itarudi.” Yaweza kuwa “nitarudi”, yaweza kuwa “sitarudi.” Nilimsikia kwa masikio yangu mwaka 2011, nikiwa nimekaa mkekani mbele yake, na sikumbuki. Sikuandika, kwa sababu mashine ilikuwa ikirekodi.

Mwezi wa Juni nilikwenda Pangani kumwuliza binti yake. Alisikiliza mara nne, akiegemeza sikio. Alisema mama yake hakupata kumsimulia habari hiyo yeye, na akaomba aachiwe nakala.

Katika andiko nimeweka nukta tatu na maelezo chini ya ukurasa, na maelezo hayo yanasema kosa ni la nani. Kizidisho kimerudi 33, memori 1333, na daftari la mpwa wangu liko juu ya kompyuta. Saa moja ya sauti yachukua tena dakika arobaini.