Usiku wa Theluji na Daftari la Binti Yangu



Ndugu wasomaji, haya ninayoyasimulia yalinipata mwezi wa Februari 2015 mjini Boston, na sasa imepita zaidi ya miaka kumi. Nimechelewa kuyaandika kwa sababu ndani yake mna aibu yangu mwenyewe, na mwanadamu huwa mwepesi wa kueleza ya jirani kuliko ya nyumbani kwake. Lakini kila nikutanapo na wazazi wenzangu msikitini, mazungumzo huangukia palepale: mtoto kajifungia chumbani, hatujui anasoma nini, hatujui anaandika nini, na tumekwisha kumkataza. Nimeona si vyema kuendelea kunyamaza.

Binti yangu alikuwa na umri wa miaka 16. Alikuwa amezama katika zile hadithi za kubuni za kisayansi, zenye vyombo vya angani na sayari za mbali, na mwenyewe akiziandika katika daftari lenye jalada la buluu. Mwezi wa Novemba alipoleta alama mbaya za hesabu, nililichukua daftari lile nikalitia kabatini pamoja na vyombo vyangu vya kazi, nikamwambia kwamba upuuzi huo umekwisha. Hakunijibu neno, kwani ni mtoto mwenye adabu. Ila tangu siku ile akawa akinipa shikamoo asubuhi, na kuniaga usiku akienda kulala, na baina ya viwili hivyo hakuna kitu. Nyumba ikawa kama iliyoingiwa na msiba.

Mama watoto alivumilia hata Januari. Usiku mmoja akanambia, "Mume wangu, unakataza usichokijua. Mwezi ujao kuna mkutano wa wapenzi wa hadithi hizo Boston. Mpeleke, ukae naye, uone kwa macho yako. Ukirudi ukasema hakufai, mimi nitakuwa wa kwanza kukuunga mkono." Nikakubali; lakini, Mwenyezi Mungu anisamehe, nilikubali kama askari anayekwenda zamu ya lindo.

Mkutano wenyewe huitwa Boskone. Ulianza mwaka 1941, ukakatika baada ya miaka michache, kisha ukafufuliwa katika miaka ya 1960, na tangu hapo huandaliwa na chama cha wapenzi wa hadithi hizo cha New England, kilichoundwa mwaka 1967. Jina lake ni la mzaha: linachanganya jina la mji wa Boston na la genge la maadui katika hadithi za E. E. Smith, mwandishi wa zamani wa Kimarekani. Kila mwaka hufanywa mwezi wa Februari, wakati ambao mtu mwenye akili zake hukaa karibu na moto.

Na Februari ile haikuwa kama nyingine. Theluji ilianza kuuelemea mji mwishoni mwa Januari, tufani moja ikiifuata nyingine, hata majira yalipokwisha zilikuwa zimeanguka zaidi ya inchi 108, yaani zaidi ya mita mbili na nusu. Ikavunjwa rekodi ya majira ya 1995 na 1996, ambayo ilikuwa inchi 107.6. Kando ya barabara vilisimama vichuguu vya theluji vilivyompita mtu kimo, na magari yaliyoegeshwa hayakujulikana ila kwa ncha za vioo vyao.

Sisi tunakaa Lowell, kiasi cha kilomita 40 kutoka Boston. Jumamosi ya tarehe 14 tulisali alfajiri tukaondoka kwa gari. Watabiri wa hali ya hewa walikwisha kuonya kwamba jioni itaingia tufani nyingine, nami nilikuwa nimekata shauri kwamba ikifika saa kumi alasiri tuwe tumekwisha kugeuza njia. Mama watoto alitufungia kikapu cha mahamri na chupa ya chai.

Mkutano ulikuwa katika hoteli kubwa upande wa bandarini. Nitasema kweli niliyoyaona, ya kupendeza na ya kuchukiza. Wapo waliovaa mavazi ambayo singependa binti yangu ayavae, na nilisikia kwamba usiku kuna karamu zenye vileo. Hayo yapo. Lakini niliona pia ukumbi uliojaa vitabu kutoka pembe hata pembe, na vyumba ambamo watu wamekaa wakijadiliana kuhusu nyota, maradhi, tawala za kubuni na lugha, kwa ukali na ucheki ule ule wa barazani kwetu Mombasa. Nilimwuliza mzee mmoja aliyekaa mlangoni analipwa kiasi gani kwa kazi yake. Akacheka. Halipwi hata senti, na kiingilio ametoa kama mimi.

Nikatazama meza za vitabu vikuukuu, moyo ukanirudi nyuma. Nilijikumbuka nikiwa kijana, nikisoma kwa mwanga wa koroboi kitabu cha Muhammed Said Abdulla, Mzimu wa Watu wa Kale, kilichochapishwa mwaka 1960. Bwana Msa na kiko chake alinikesha hata marehemu baba akanipokonya kitabu, akasema nimeacha juzuu nikashika porojo. Nikayaona haya yote, lakini kiburi hakikuniruhusu kuyaunganisha na lile kabati langu.

Adhuhuri ilipoingia nilimwuliza yule yule mzee mahali pa kusali. Hakushangaa wala hakuuliza maswali. Alitufungulia chumba kidogo kisichotumika. Kutoka Boston kibla ni upande wa kaskazini-mashariki, nasi tukaelekea huko, binti yangu nyuma yangu. Masafa yetu hayakufika ya kukusuru, hivyo tulisali rakaa zote.

Saa kumi ilipofika nikavaa kabuti langu. Hapo binti yangu akanambia, "Baba, saa kumi na moja kuna mazungumzo ya waandishi. Nakuomba tubaki." Ndugu zangu, ilikuwa mara ya kwanza tangu Novemba kuniomba kitu. Nilishindwa kusema hapana. Tukasali alasiri, tukabaki. Mazungumzo yakazaa mengine, magharibi tukaisali palepale, na tulipotoka nje saa moja na nusu usiku theluji ilikuwa inavuma kwa ubavu, upepo ukipiga mluzi baina ya majengo. Tuliendesha gari kiasi cha hatua mia, sikuiona hata taa ya mbele yangu. Nikageuza, tukarudi hotelini. Vyumba vyote vilikuwa vimechukuliwa. Nilimpigia simu mama watoto, akasema, "Kaeni huko huko. Msije mkafa njiani kwa ajili ya kitanda."

Wenye mkutano walikuwa na chumba kimoja cha kukirimu wageni, penye chai, supu na matunda, bila malipo. Tulijikuta humo watu kumi hivi, wazee kwa vijana, wote tumezuiwa na theluji. Tukafungua kikapu ili tuwagawie mahamri. Chini kabisa, limefungwa kwa leso, lilikuwemo daftari la buluu.

Mama watoto hakuwa ameniuliza. Alilitoa kabatini akalipakia. Binti yangu aliliona kabla yangu. Hakulishika. Alinyanyua macho akanitazama, akingoja. Nikamwambia, "Lichukue. Ni lako." Sikuwa na neno jingine.

Bibi mmoja wa Kimarekani, aliyekuwa akila hamri lake kwa utulivu, akamwuliza daftari lina nini. Binti yangu akasema ni hadithi. Wakamwomba asome. Akasoma kwa sauti ya chini, kwa Kiingereza, hadithi ya bi kizee wa Mombasa aliyechukuliwa na wajukuu zake kwenda kukaa katika sayari ya Mirihi. Kila kitu huko amekizoea: hewa ya kufungwa, chakula cha makopo, mchanga mwekundu. Kitu kimoja tu kinamliza. Kila akitandika mswala hajui ageukie wapi, na wajukuu zake wanamwona amezeeka akili.

Alipomaliza, watu walinyamaza kidogo. Kisha kijana mmoja akanigeukia mimi kwa heshima, akauliza, "Bwana, dini yenu yasemaje hasa? Huyo bibi aelekee wapi?" Nami niliyesoma chuoni miaka minane, niliyekuja kumlinda mwanangu na dini yake, nikatafuta jibu nisilipate.

Binti yangu akanisaidia. Akawaeleza kwamba jambo hili si la kubuni. Mwaka 1985 Sultan bin Salman, mwana wa ukoo wa kifalme wa Saudia, alikwenda angani katika chombo cha Marekani. Na mwaka 2007 daktari wa Malaysia, Sheikh Muszaphar Shukor, alikwenda katika kituo cha angani cha kimataifa ndani ya mwezi wa Ramadhani, na kabla hajaondoka wanazuoni wa nchi yake walikaa wakamwandalia mwongozo. Aielekee Kaaba akiweza; asipoweza, aelekee sehemu iliyo juu ya Kaaba; asipoweza, aelekee dunia; na hilo nalo likishindikana, aelekee popote, kwani Mwenyezi Mungu haikalifishi nafsi ila kwa uwezo wake. Nyakati za sala afuate za mahali alikorukia. "Kwa hiyo," akasema, "bi kizee ataitafuta dunia mbinguni, atakuta ni nyota ndogo, na ataielekea hiyo."

Baadaye wengine walipolala vitini, nilimwuliza ameyajulia wapi. Akasema, "Niliyatafuta, baba, kwa ajili ya hadithi. Nilitaka kukuuliza wewe kwanza. Ndiyo wiki uliyochukua daftari."

Nilimwomba radhi usiku ule. Alilia, nami sitasema kama nililia au la. Kurasa za mwisho za daftari zilikuwa zimejaa aya na maswali kwa mwandiko mdogo, na mimi nilikuwa nimezifungia pamoja na bisibisi na nyundo kwa miezi mitatu.

Jumapili mji wote ulisimama. Treni na mabasi ya umma hayakwenda. Tufani ilipotulia, wageni wenzetu walitoka na mabeleshi wakatusaidia kulifukua gari, na jioni tukafika nyumbani. Mama watoto alitufungulia mlango, akamtazama binti yake, akanitazama mimi, kisha akaenda kupasha moto chakula.

Rundo moja kubwa la theluji, lililokuwa na kimo cha futi zipatazo 75, lilibaki kule kule upande wa bandarini hata jua la kiangazi. Liliyeyuka lote tarehe 14 Julai, na siku hiyo sisi tulikuwa tumefunga Ramadhani ya 27. Tulisikia habari hiyo tukingojea kufuturu. Binti yangu alicheka, na baada ya tarawehe akanisomea sura mpya ya bi kizee wake.

Ndugu wazazi, sisemi kwamba kila kitabu ni chema na kila mkusanyiko ni salama. Nilisema, na narudia, kwamba yapo niliyoyachukia, na mtoto asingefaa kuyakabili peke yake. Ninalosema ni kwamba mimi nilifunga kabati kabla ya kufungua daftari. Ukiona mwanao ameshika asichokushirikisha, kaa naye, umwombe akusomee ukurasa mmoja. Huenda swali aliloandika humo alikuwa amekuwekea wewe.

Wabillahi tawfiq.